Kubadili Gia za Magari ya Dizeli ya Zamani: Tuitazame Barabara Kwanza



Siku hizi hapa Timau, na nasikia mpaka Nanyuki na Isiolo, kuna habari inayotembea baina ya wenye magari makuukuu ya dizeli. Nayo ni kwamba ukiichukua Land Rover yako ya zamani, ukatoa difu zake na kutia difu za Range Rover, gari litakwenda barabarani bila kelele na mafuta yatapungua sana. Mafundi wa jua kali wanaisifu kazi hii, na si ajabu, maana yawapa kazi. Baadhi ya wanachama wenzetu wameweka akiba pamoja wakanunua gari la namna hii ili libebe viazi na watu, na ndugu zao ndio waendeshao. Sasa wanaulizana kama watoe fedha nyingine kwa ajili ya difu. Mimi ni mfanyakazi wa reli, sina gereji. Lakini habari ya meno ya gia ni jambo ambalo sisi watu wa reli tumelijua kwa njia yetu tangu zamani, na nimeona heri niseme kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Maoni yangu ni haya. Gari linaloishi Timau na kufanya kazi ya Meru, Kibirichia na Chogoria, kulibadilishia difu ni hasara. Gari linaloshuka Isiolo na kuendelea Marsabit, hilo lina hesabu nyingine. Na kwa madereva walioajiriwa liko shauri ambalo ni la chama hasa, nami nitalieleza mbele.

Kwanza nataka tuelewane gia ni nini. Injini ya mvuke haikuwa na sanduku la gia hata kidogo. Ukubwa wa gurudumu lake ndio uliokuwa gia yake. Zile Garratt kubwa za namba 59, zilizoletwa na Reli ya Afrika ya Mashariki mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, zilikuwa na magurudumu ya kuvutia yenye upana wa futi 4 na inchi 6 tu. Kule Uingereza, injini ya Mallard iliyokimbia maili 126 kwa saa mwaka 1938 ilikuwa na magurudumu ya futi 6 na inchi 8. Je, wahandisi wa hapa walikuwa wajinga, hawakutaka mwendo? Hata kidogo. Walijua kwamba treni nzito itatoka Mombasa usawa wa bahari, ipande mpaka Timboroa zaidi ya mita 2,700, na gurudumu kubwa lingeshindwa njiani. Mwaka 1960 zilipokuja dizeli za English Electric za nguvu ya farasi 1,840, hizo nazo zilikuwa na pinioni ndogo juu ya mota na gurudumu kubwa la meno juu ya ekseli. Ukipunguza tofauti ya meno hayo, treni hukimbia zaidi mahali pa tambarare, lakini mlimani mota hupata moto mapema, maana haiwezi kuvuta polepole kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kupata mwendo na nguvu vyote viwili kwa kubadili meno. Anayepata kimoja amekilipia kwa kingine.

Sasa tuje kwenye Land Rover. Ile dizeli ya lita mbili na robo, iliyoanza kutiwa katika magari hayo mwaka 1961, hutoa nguvu ya farasi 62. Difu yake ni 4.7 kwa 1, maana yake propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Na kabla ya hapo, lile sanduku dogo la gia lililo nyuma limekwisha kuzidisha kwa 1.148. Jumla yake, gari likiwa katika gia ya nne, injini huzunguka kama mara 5.4 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Tairi ya 7.50 kwa 16 husogea kama mita 2.44 kila inapozunguka. Ukipiga hesabu, gari likienda kilomita 80 kwa saa injini inazunguka karibu mara 2,950 kwa dakika. Mtu aliyepata kupanda gari hilo kutoka Nanyuki mpaka Timau anajua maana yake. Huwezi kumsikia aliye kando yako, na ukishuka masikio yanaendelea kulia kama nyuki wamo ndani.

Difu ya Range Rover ni 3.54 kwa 1. Ukiitia, kwa mwendo ule ule wa 80 injini huzunguka kama mara 2,220 tu. Ni kweli kelele itapungua, nami simwiti fundi mwongo kwa hilo. Na mafuta je? Yatapungua kidogo, kwa sababu injini inayozunguka taratibu haipotezi nguvu nyingi kwa kusuguana yenyewe ndani. Lakini mizunguko ikipungua kwa robo, mafuta hayapungui kwa robo. Mzigo ni ule ule, upepo ni ule ule, mlima ni ule ule. Anayekuambia kwamba utaokoa lita moja katika kila nne, mwulize aliipima wapi, na gari lilikuwa limebeba nini.

Hapo ndipo watu wengi wanapokomea katika hesabu, nami nawaomba tuendelee, maana barabara yetu haikomei kwenye tambarare. Hiyo difu ya 3.54 ilikusudiwa Range Rover, gari lililotoka mwaka 1970 na injini ya petroli ya silinda nane, yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya dizeli yetu. Tena nguvu ile ya farasi 62 ni ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, kwa kila mita 1,000 unazopanda, hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyembamba. Timau ni zaidi ya mita 2,000. Basi hapa kwetu hatuna farasi 62 tena. Tuna kama 50, na hao wakiwa wazima, pampu na nozeli zikiwa safi.

Gari lenye difu za zamani, likiwa na watu na magunia, hupanda kilima cha kadiri kwa gia ya tatu. Katika gia hiyo, yenye 1.5 kwa 1, injini huzunguka kama mara 8.1 kwa kila mzunguko wa tairi. Ukiisha kutia difu mpya, gia ya tatu inakuwa 6.1, na kilima kile kile kinaishinda. Unarudi gia ya pili, ambayo ni 2.22 kwa 1, nayo sasa inakuwa kama 9.0. Hebu tuangalie vizuri jambo hili, ndugu zangu. Umetoa fedha ili injini isizunguke sana, na mlimani inazunguka zaidi kuliko zamani kwa kila kilomita, na kufika unachelewa. Kelele uliyoikimbia katika tambarare imekungoja kwenye mlima. Sasa kila mtu ahesabu mwenyewe njia ya kutoka Meru mjini kupanda mpaka Timau ina tambarare kiasi gani.

Wako madereva ambao hawataki kurudi gia ya pili kwa kuona haya. Hukaa katika ya tatu na kukanyaga mafuta mpaka chini, injini inatetemeka na moshi mweusi unatoka nyuma kama jiko la kuni mbichi. Moshi huo ni dizeli ambayo haikuungua, yaani ni shilingi zako zinazopaa. Injini hii hupata msukumo wake mkubwa karibu na mizunguko 1,800. Ukiilazimisha kuvuta chini sana ya hapo, unapasha moto pistoni na kuumiza beringi.

Tena kuna klachi. Kuondoka na mzigo mlimani kwa gia ya kwanza iliyofanywa ndefu ni kuisugua klachi kila siku. Gia ya nyuma nayo imekuwa ndefu, na zile gia za chini za matope zimekuwa ndefu pia, kwa sababu difu ndiyo ya mwisho na yote hupitia hapo. Wenye Land Rover za Chogoria, wanaowapeleka wageni mpaka kwenye lango la mlima wakati wa mvua, sidhani kama yuko mmoja ambaye angekubali gia zake za matope zipunguzwe robo ya nguvu.

Lakini kupanda si hatari kama kushuka. Kutoka Timau kupitia Subuiga mpaka Isiolo unashuka zaidi ya mita 1,000. Dereva mzuri hashuki kwa breki peke yake, hushikiliwa na injini. Ukiwa na difu ndefu, katika gia ile ile injini inakushikilia kwa robo pungufu, na breki za zamani za ngoma ndizo zinazobeba robo hiyo. Ngoma ikipata moto, unakanyaga pedali na gari haliitikii. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia katika mto Nithi, kwenye barabara hii yetu ya Meru na Nairobi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi basi lile lilikuwa na habari yoyote ya difu. Nasema tu kwamba miteremko ya upande huu tunaijua, na mtu asiongeze hata chembe ya uzito juu ya breki zake bila kujua.

Halafu kuna jambo ambalo sijamsikia fundi hata mmoja akilitaja. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika propela, nyuma ya sanduku dogo la gia, kabla ya difu. Nguvu yake huzidishwa na difu ndipo inapofika kwenye tairi. Difu ikitoka 4.7 ikawa 3.54, breki ile ile, iliyokazwa vile vile, inashika kwa robo pungufu. Wewe umeegesha gari kwenye mteremko, limejaa viazi, na watoto wa shule wanapita chini yake.

Na spidomita nayo hupokea mzunguko kabla ya difu. Ukibadili difu bila kuirekebisha, itakuonyesha 60 na wewe unakwenda 80. Ikiwa kidhibiti mwendo cha gari lako kinapima mahali hapo hapo, basi ile 80 ya sheria, iliyoletwa kwa magari ya abiria na ya biashara kwa kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kukazwa Februari 2004, kwako itakuwa ni zaidi ya 105. Askari hatakusikiliza ukimweleza habari ya meno.

Basi mtu afanye nini, akiwa amechoka na kelele? Liko jambo moja lisilogharimu hata senti, nalo ni kupunguza mwendo. Upinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo, huongezeka kwa mwendo kuzidishwa na mwendo. Gari la umbo la sanduku kama Land Rover, likienda 90, hupigwa na hewa karibu mara moja na nusu kuliko likienda 75. Aliyeshuka kutoka 90 mpaka 75 ameokoa mafuta, amepunguza mizunguko na kelele, na breki zake zinamshukuru. Najua wenzangu watacheka, watasema hiyo ni hekima ya mzee mwenye punda. Lakini ukiondoka Timau saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa kumi na mbili na robo, Nanyuki utaikuta pale pale.

Kwa yule ambaye gari lake hufanya kazi ya Isiolo, Archers Post, Marsabit mpaka Moyale, mambo ni tofauti kabisa. Barabara ile ilipokwisha kutiwa lami katika miaka ya 2010, ikawa karibu kilomita 500 za lami kutoka Isiolo mpaka mpakani, na sehemu kubwa ni nyika wazi. Huko gia ndefu ina faida ya kweli. Hata hivyo mimi ningemshauri atafute ovadraivu kuliko difu. Ile ya Fairey hufungwa nyuma ya sanduku dogo la gia, na hupunguza mizunguko kwa zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano. Kwa kilomita 80 injini huwa kama 2,300, karibu sawa na ile difu ya Range Rover. Tofauti ni kwamba ina mkono wake. Ukifika mlimani unaiondoa, na gari lako linarudi kuwa lile ulilonunua, gia za matope zimo na breki ya mkono haikuguswa. Spidomita pia haidanganyi, maana ovadraivu iko mbele yake. Kasoro yake ni kwamba si rahisi kuipata, na ina mafuta kidogo sana ndani yake, hivyo lazima yatazamwe mara kwa mara. Ikikauka imekufa.

Fikra hii si ngeni. Malori ya Bedford ya zamani mengine yalikuwa na ekseli ya Eaton yenye miendo miwili, mmoja wa mlima na mmoja wa tambarare, dereva akichagua kwa kitufe kidogo kwenye mkono wa gia. Toyota nao katika miaka ya 1980 walizitia Land Cruiser zao za dizeli gia ya tano, wala hawakumnyang'anya dereva zile nne za kwanza. Watengenezaji wenyewe waliona kwamba dereva aongezewe gia, asipunguziwe.

Na kama mtu ameamua difu tu, basi abadilishe mbele na nyuma pamoja, zote mbili za hesabu moja. Akibadilisha ya nyuma peke yake, siku atakapotia gia ya magurudumu manne ekseli mbili zitapigana, na kitu kitavunjika.

Sasa nafika kwenye shauri la chama. Shemeji yangu ni dereva katika shamba moja upande huu, jina lake silitaji. Magari mawili ya pale yalibadilishiwa difu wakati madereva wamo likizoni. Waliporudi hawakuambiwa neno. Wakaona gari halipandi, klachi ikaisha kabla ya miezi mitatu, na msimamizi akasema dereva hajui kazi. Mshahara ukakatwa. Tena akaulizwa kwa nini mafuta hayakupungua kama ilivyotazamiwa, kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kununua difu.

Ndugu, jambo hili si la ufundi peke yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ya mali ikiwa mfanyakazi ameileta kwa kusudi lake. Klachi iliyoliwa na meno ambayo dereva hakuyachagua haiwezi kuitwa kusudi la dereva. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wao. Kumpa mtu gari ambalo breki yake ya mkono imepungua robo, bila kumwambia, ni kumnyima habari ya uhai wake. Na kuhusu kelele, kanuni za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku. Mwajiri anayesema kwamba amebadili gia ili kuwahurumia madereva masikio yao, tumshukuru, kisha tumwombe alete chombo cha kupimia, apime katika tambarare na apime katika mlima.

Naomba tawi letu lilete jambo hili katika mkutano ujao, tudai mambo haya: gari likibadilishwa difu, gia au ukubwa wa tairi, dereva apewe barua inayosema ni nini kilichobadilishwa na hesabu yake, spidomita na kidhibiti mwendo virekebishwe kabla gari halijatoka, na muda wa safari pamoja na kipimo cha mafuta vipangwe upya baada ya dereva kuliendesha gari hilo na mzigo, wala si kwa kubahatisha ofisini. Sisi wa reli hatukubali kupewa injini ya treni bila kujua uzito inaoweza kuvuta katika kila mlima. Dereva wa lori ana haki ile ile.

Hata kabla ya mkutano, dereva anaweza kujua mwenyewe kama difu imebadilishwa. Egesha gari mahali pa sawa kabisa, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote yatakayobaki chini, maana itakubidi ufungue breki ya mkono. Gia zote ziwe huru. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, jingine libaki limekaa chini. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, kisha mwenzako azungushe tairi lililoinuliwa mara mbili kamili, nawe uhesabu propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, difu ni ile ya asili. Ikizunguka mara tatu na nusu, imebadilishwa. Andika tarehe na namba ya gari, na karatasi hiyo umpe katibu wa tawi.